Boti Kuukuu ya Faiba: Matengenezo ya Ndani Huanzia Ngamani

Mtu akinunua boti kuukuu ya faiba, mara nyingi mguu wake wa kwanza ni kwa fundi wa makochi. Magodoro yamechakaa, dari ya kabini imeachia gundi na inaning'inia, ndani kunanuka uvundo, basi anaanza na kile anachokiona. Mvua zikishanyesha wiki chache, magodoro mapya yameota ukungu na dari imeanguka tena. Kazi yangu ni kutengeneza boti hapa Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na hasara hiyo naiona kila mwaka, tena kwa watu waliojinyima kupata hizo pesa.

Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: utaenda nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi chini kabisa ndani yake, maji yanapokusanyika. Mimi napanga kazi ya ndani kwa njia hiyo hiyo: najua kwanza maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, na yanalala wapi. Baada ya hapo ndipo nazungumza habari ya mbao, rangi na vitambaa.

Nitatolea mfano boti moja ya futi 28, iliyoundwa miaka ya 1980, yenye injini mbili za nje za petroli na kabini ndogo mbele. Mwenyewe ni mama mmoja wa Shimoni anayepeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite kutazama pomboo. Aliniletea kwa sababu sakafu ilikuwa inabonyea karibu na usukani.

"Mwanangu, nitajie bei ya sakafu nijue moja," aliniambia.

"Mama, nikikutajia leo nitakuwa nabahatisha. Bado sijaigonga."

Majira kwanza

Pwani yetu kalenda inaandikwa na pepo. Kusi likishaanza kukaza na mvua ndefu kuingia mwezi wa nne, wageni hupungua, wavuaji wa samaki wakubwa hupandisha boti zao juu, na kila mwenye chombo anakumbuka matengenezo. Watu hudhani miezi hiyo ya mvua ndiyo ya kufanya kila kitu. Sivyo. Mwezi wa tano ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na rezini, ile gundi ya maji inayogandisha nyuzi za faiba, ikiguswa na maji kabla haijaganda, kazi imeharibika.

Kwa hiyo igawe kazi. Mwezi wa nne na wa tano ni wa kufungua, kuosha, kugonga, kuandika na kuagiza vifaa, boti ikiwa chini ya paa au turubai lililoinuliwa vizuri hewa ipite. Kazi ya faiba na epoksi, ambayo ni aina ya rezini, ngojea mvua zipungue, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita, hewa ikiwa imepoa kidogo na kavu kiasi. Umeme na mapambo hufuata. Ukipanga hivyo, boti inarudi majini kabla msimu haujachanganya.

Siku ya kuipandisha na ya kuishusha ziweke kwenye bamvua. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hapa wakati wa bamvua hupita mita 3, na hiyo ndiyo inayokufikisha juu ya ufuo bila kuburuta. Ukikosa bamvua utasubiri jingine, takriban wiki mbili mbele, huku mafundi wanadai posho.

Toa kila kitu, kisha osha chumvi

Kabla hujatafuta uvujaji, toa magodoro, zulia, majaketi, makabati yanayofunguka, na kila kifuniko cha sakafu. Piga picha kabla ya kufungua skrubu yoyote. Waya zibandike karatasi za namba. Skrubu za kila sehemu zitie kwenye chupa yake.

Halafu osha ndani yote kwa maji baridi ya bomba na sabuni kidogo. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuona ajabu kulowesha kitu unachotaka kikauke. Lakini chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukuta wa kabini wenye chumvi hautakauka hata ukiuwekea feni mchana kutwa. Jioni ukiupitishia kiganja utakuta unanata. Uoshe, ufute, uache hewa ipite siku kadhaa, na hapo ukiona sehemu bado ina maji ujue yanatoka mahali. Ukungu ufute kwa siki nyeupe, kwa sababu dawa ya klorini huacha chumvi zake na hula vyuma na nyuzi za kushonea.

Kutafuta maji yanapoingilia

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Boti kuukuu mara chache huvuja chini; huvuja juu. Maji ya mvua na ya wimbi hupenya pale reli ilipofungwa na bolti, kwenye fremu za madirisha, chini ya vile vyuma vya kufungia kamba, kwenye kiungo cha sitaha na mwili wa boti, na pale mtu alipotoboa tundu la antena asitie kitu. Yakiingia hayadondoki hapo hapo. Hutembea juu ya dari, hushuka kwenye kona, na kutokea mita 2 mbali na lilipo tundu. Ndiyo maana kupaka silikoni juu ya pale unapoona tone hakusaidii.

Njia yangu ni hii. Nanyunyiza poda ya watoto, nyembamba, ndani ya kabini chini ya madirisha, kwenye kingo, na kwenye kila rafu. Kijana mmoja anaingia ndani na tochi. Mimi niko nje na mpira wa maji, bila presha kubwa, nauachia utiririke. Naanza chini, kwenye kiungo cha sitaha, naupeleka polepole omo hadi tezi. Ndani kukiwa kavu, napanda: miguu ya reli, kisha madirisha, kisha vifuniko, kisha paa. Ukianza juu, maji yatalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua lipi ni lipi. Ukianza chini ukapanda, siku poda inapochorwa mstari wa maji unajua ni kiwango gani umefikia. Unazima mpira, unaweka alama ya chaki nje, unaandika daftarini, unafuta, unaendelea. Kila eneo lipe kama robo saa, kwa sababu maji mengine huchelewa njiani.

Kwenye boti ya yule mama, dirisha lililokuwa linalaumiwa miaka yote lilikuwa zima. Maji yalipitia bolti za mguu wa reli juu yake, zilizokazwa bila kitu chochote cha kuziba. Fundi aliyezifunga alikuwa ameweka washa tu. Yale maji yalishuka ndani ya sitaha, yakafuata kiambaza, yakaingia chini ya sakafu karibu na usukani. Sakafu ilioza kwa ajili ya bolti nne.

Kuziba tundu la namna hiyo si kufungua bolti, kuipaka kizibo kama Sikaflex na kuirudisha. Sitaha nyingi za zamani zina mbao laini ya balsa au plaiwudi katikati ya matabaka mawili ya faiba, na maji yakifika kwenye mbao hiyo huenea. Bolti ikiwa ya milimita 6, toboa tundu hadi milimita 12. Pinda ncha ya msumari, utie kwenye drili, uzungushe ndani ya tundu ili uchokonoe mbao iliyo kati ya matabaka pande zote, kama sentimita 1. Ikitoka nyeusi na laini, endelea mpaka itoke nyeupe na kavu. Bandika utepe chini, jaza epoksi iliyotiwa unga wa kuifanya nzito, iache igande kabisa, kisha toboa tena milimita 6 katikati yake. Sasa hata kizibo kikichoka, maji yatakutana na epoksi tupu. Ndipo utie kizibo cha polyurethane na kukaza bolti kiasi, usikamue kizibo chote kikatoka nje.

Silikoni ya dukani iache kabisa kwenye sitaha. Huacha mafuta yasiyoonekana ambayo rangi, epoksi na hata silikoni mpya haishiki juu yake.

Kuigonga boti

Baada ya maji, tafuta kuoza. Chukua nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki na ugonge sakafu, viambaza, sitaha, mihimili ya urefu iliyo chini ya sakafu na transomu, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba injini. Gonga kila sentimita 10, ukisikiliza. Faiba nzima hulia kwa sauti kali na kavu. Iliyoachana na mbao yake au yenye mbao iliyolowa hujibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Zungushia kalamu pale sauti inapobadilika. Ukimaliza utakuwa na ramani, na mara nyingi ramani hiyo inaonyesha njia ya maji uliyoipata kwa mpira.

Pale penye shaka, toboa tundu la milimita 6 kutokea ndani, tabaka la juu tu, na utazame kinachotoka na biti. Unga mweupe mkavu, sawa. Unga mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza, ukibana vidoleni unatoa maji, hiyo ni mbao ya kutolewa. Transomu itoboe chini zaidi, kwa sababu maji hushuka, na usimame kwenye mguu wa injini uone kama ukuta unacheza. Transomu inayocheza huifanyii subira: boti haitoki mpaka ijengwe upya, hata kama magodoro yatangoja mwaka mwingine.

Usisahau povu lililomiminwa chini ya sakafu. Watengenezaji wengi wa zamani walijaza povu ili boti isizame, na povu likikaa kwenye ngama chafu miaka mingi hunywa maji. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na zaidi kidogo. Povu lililokunywa lita 150 ni sawa na abiria wawili wazima wasioshuka kamwe, na wewe unawalipia petroli.

Daftari

Hapo sasa ndipo mpango unaandikwa. Mimi hugawa kazi zote kwa maswali manne, kwa mpangilio huu: nini kinaingiza maji, nini kinabeba uzito, nini kinaweza kuwaka moto, na nini kinapendeza tu. Pesa zinafuata mpangilio huo huo. Zikiisha kabla ya swali la nne, boti bado inaenda baharini salama, wageni wakikalia mito ya zamani iliyofuliwa. Zikitumika kinyume chake, una kabini nzuri kwenye chombo kisichoaminika.

Thuluthi moja ya pesa zako iweke kando kabla hujanunua chochote, kwa ajili ya yale utakayoyakuta chini ya sakafu. Yule mama nilipomwambia hivyo alikuna kichwa, akakubali, na tulipofungua upande wa kulia ile thuluthi ndiyo iliyonunua mbao za muhimili.

Sakafu na mihimili

Boti ikae sawasawa kwenye magogo na vitanda vyake, imeegemezwa sehemu nyingi, siyo pembe mbili tu. Mwili wa faiba ukiondolewa sakafu na mihimili kwa pamoja hulegea na unaweza kugandia ukiwa umepinda. Ndiyo sababu nafanya upande mmoja, ukigandishwa, ndipo naenda wa pili.

Unapokata sakafu, acha ukingo wa sentimita 5 kuzunguka kando ili sakafu mpya ipate pa kulala. Weka msumeno usizame zaidi ya unene wa sakafu, maana chini kuna tangi, waya na mipira. Kabla ya msumeno wala grainda kuwashwa, betri ziwe zimefunguliwa na petroli imetolewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya ngamani, na cheche moja inatosha.

Plaiwudi itafute ya baharini yenye alama ya BS 1088. Madukani kuna nyingi zinazoitwa "marine" ambazo si chochote. Omba kipande, kichemshe jikoni saa nzima, kikauke, kisha jaribu kukibandua kwa kisu. Matabaka yakiachana, rudi nacho dukani ukawaonyeshe.

Kuunga mbao na faiba tumia epoksi. Ni ghali kuliko rezini ya poliesta, najua, lakini poliesta haishiki mbao wala faiba ya zamani kwa nguvu ile, na boti nyingi za miaka hiyo ziliachana hapo hapo. Kumbuka mati ya nyuzi zilizokatwakatwa imefungwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta, siyo epoksi. Kwa epoksi nunua kitambaa cha kufumwa. Pale unapounga faiba mpya na ya zamani, saga mteremko wa 12 kwa 1: unene ukiwa milimita 4, mteremko uende karibu sentimita 5. Mteremko mfupi unaonekana vizuri siku ya kwanza na kupasuka siku ya wimbi.

Mbao ipake tabaka la kwanza la epoksi alasiri, jua likishuka. Asubuhi mbao inapopata joto, hewa iliyomo ndani hupanuka na kutoboa vijitundu kwenye epoksi mbichi. Alasiri inapoa, hewa hunywea na kuivuta epoksi ndani ya nyuzi. Kabla ya tabaka la pili, kama la kwanza limeshaganda, lisugue kwa maji na sufi ya kuoshea vyungu, maana epoksi hutoa utando kama nta juu yake unaozuia kushikana.

Ukitumia poliesta mahali pengine, kwa joto letu asilimia 1 ya katalisti, ile dawa ya kuigandisha, kwa kawaida inatosha, yaani gramu 10 kwa kilo ya rezini. Soma kibandiko cha kopo, usizidishe ili iwahi, wala usishuke chini ya hapo. Katalisti hiyo ikiingia jichoni inaweza kukupofusha; vaa miwani ya kufunika kila unapoimimina. Na kama una kopo la kobalti, dawa ya kuharakisha rezini kuganda, usiichanganye kamwe moja kwa moja na katalisti. Hulipuka. Barakoa iwe ya vichujio vya kemikali, ile ya kitambaa haizuii mvuke wa rezini, hasa ndani ya kabini.

Tangi, mipira, umeme

Sakafu ikiwa wazi ndiyo nafasi ya kulitazama tangi, maana hutaifungua tena kwa miaka. Tangi la alumini huliwa kutokea chini, pale lilipolalia povu au zulia lenye maji. Lirudishe juu ya vipande vya plastiki ngumu vilivyogundishwa, hewa ipite chini yake. Mpira wa petroli wenye nyufa unapoupinda, utupe. Mpya uwe na alama ya ISO 7840, na kila ncha ya mpira ulio chini ya mstari wa maji iwe na klampu mbili za chuma kisichoshika kutu. Vali za chini zikwaruze kwa kisu: shaba nzuri hung'aa manjano, iliyoliwa inageuka waridi na kumegeka.

Waya ukate kidogo mwishoni, umenye plastiki. Shaba ikiwa nyeusi, kata tena. Ikiendelea kuwa nyeusi, badilisha wote kwa waya wa shaba uliopakwa bati. Waya wa nyumbani hauna kazi humu. Kipimo rahisi: washa pampu ya ngama, pima volti kwenye betri, kisha pima penye pampu. Tofauti ikizidi volti 0.4, waya ni mwembamba au viungo vimeoza. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, na pampu ya ngama yenye swichi ya kuelea iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye betri, yenye fyuzi yake, ifanye kazi hata swichi kuu ikizimwa. Vijitundu vya kupitisha maji kwenye mihimili vipake epoksi ndani na uvipitishe kijiti, kwa sababu pampu haina faida kama maji hayaifikii.

Magodoro na dari havina maneno mengi. Dari badala ya kuigundisha tena kwenye sponji, mimi napendelea mbao nyembamba zilizopakwa rangi na kufungwa kwa skrubu, kwa kuwa gundi nyingi huachia kwenye joto la kabini iliyofungwa, na skrubu hukuwezesha kuona bolti za sitaha kila mwaka. Magodoro yalalie vipande vya mbao vyenye nafasi, yashonwe kwa uzi wa poliesta, zipu za plastiki.

Siku ya kushusha, usifunge sakafu yote. Acha vifuniko vya juu ya vali na pampu bila skrubu, mtu akae ndani na tochi boti inapoanza kuelea, aguse kila klampu kwa kidole kikavu. Ilale kwenye nanga usiku mmoja. Alfajiri tazama ngamani kabla ya kuwasha chochote. Kukiwa na maji, yaonje. Ya chumvi yanatoka chini, rudi kwenye vali. Ya baridi ni mvua, rudi kwenye alama za chaki.